Selina na Ng'ombe Wasiohesabiwa

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefunguliwa leo nchi nzima, isipokuwa yetu, kwa sababu haina paa. Upepo wa Desemba uliling'oa lote mchana mmoja. Shule shikizi ya kitongoji chetu ilikuwa na vyumba viwili na mwalimu mmoja wa kujitolea, ndiye mimi. Sasa mbuzi wa watu wanajikinga mvua kwenye kona zake. Daftari hili lilikuwa la mahudhurio. Kurasa za mbele zina majina ya watoto arobaini na mmoja, mimi nimeanzia nyuma.

Asubuhi nilivuka mto kwenda kumwona Mwalimu Chrispin, mkuu wa shule mama. Maji yalikuwa magotini, na masika yenyewe ndiyo kwanza yanaanza.

"Mama Selina, hawa wadogo wasivuke mpaka mvua ziishe," alisema. "Mwaka jana tulimwopoa mmoja. Wako mlete Mei, nitampima mwenyewe. Akijua kusoma, kuandika na kuhesabu, anaingia la pili na wenzake. Asipojua, anaanza la kwanza upya."

Selina ni mwanangu wa kwanza, ana miaka minane. Mdogo wake Pendo ana mitano, huyo hayumo bado kwenye daftari la mtu yeyote. Baba yao, Paskali, yuko Singida mjini kwenye kazi za ujenzi. Anayeamua mambo hapa nyumbani ni baba mkwe, Mzee Sostenes. Nilipomweleza alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua kichwa.

"Mtoto harudi nyuma," alisema. "Wakimkataa la pili, ataenda Manyoni kwa shangazi yake Marietha. Marietha ana mtoto mchanga, anatafuta wa kumshikia."

"Baba, ana miaka minane tu."

"Marietha mwenyewe alilea akiwa na sita. Alikufa?"

Basi nina miezi minne, kitabu kimoja cha darasa la kwanza kisicho na jalada, na chaki sita.

Ijumaa, 17 Januari

Hesabu kwa mbegu za alizeti. Nikampa kila mmoja kumi. Kumi toa tatu? Pendo alikula tatu akasema saba. Selina alikula zote akasema hakuna. Nilicheka mpaka nikakumbuka Mei.

Jumatano, 22 Januari

Mvua kutwa. Chaki mbili zimelowa.

Jumanne, 28 Januari

Tumepata ubao. Kipande cha bati la paa la shule kilikuwa kimeangukia kwenye uwele wetu, nimekiegemeza ukutani na tunaandikia mkaa. Selina alifurahi, akakifuta mwenyewe kwa kanga yake, nikamgombeza kwa ajili ya kanga.

Imla ya maneno kumi. Akaandika "karamu" kwa kalamu, "balua" kwa barua, "ruku" kwa luku. Nikamsahihisha kwa ukali kuliko kosa lenyewe. Ukweli ni kwamba aliandika jinsi ninavyosema mimi. Kidato cha kwanza, Singida mjini, nilisimamishwa kusoma mbele ya darasa, herufi hizo mbili zikanisaliti, na mpaka nilipomaliza kidato cha nne walikuwa wakiniita Mama Uwele, yaani mshamba. Hadi leo nikizungumza na mtu aliyesoma nachagua maneno kabla ya kufungua mdomo. Sitaki mwanangu aje kuwa hivyo.

Jumanne, 4 Februari

Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Deo, amepita kukusanya mabati. Ni mali ya umma, alisema. Alibeba na letu, lina irabu zote tano. Jirani anasema limeezekwa kwenye banda lake la kuku. Nisingeudhika sana kama kuku wangejifunza.

Jumatano, 19 Februari

Wiki mbili hatujasoma chochote, ni palizi. Nilianza kuwauliza maneno huku tunapalilia, nikaishiwa pumzi, na Mzee aliniuliza kama nimekuja kulima au kuhubiri.

Leo tumekaa tena. Selina amesahau hata silabi alizozijua Januari. Nilimwonyesha "nyumba" mara nne. Mara ya tano nikampiga kofi. Pendo akaisoma "nyumba" kwa sauti ndogo, akidhani anamsaidia dada yake. Nikatamani huyu mdogo ndiye angekuwa anakwenda kupimwa, kisha nikajichukia kwa kuwaza hivyo. Selina hakulia. Aliniuliza kama achote maji.

Jumatano, 26 Februari

Leo nina furaha na naiandika upesi kabla haijapita.

Jioni ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, Selina amesimama langoni na babu yake. Kabla hata lango halijafungwa akasema, "Kijivu hayupo. Na ndama wa Mweupe." Mzee akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kuwatafuta, akarudi nao. Mtoto aliangalia kundi zima mara moja tu! Mtoto huyuhuyu ambaye kumi toa tatu inamtoa machozi!

Kumbe hesabu anazo. Ni mimi nilikuwa naingilia mlango usio wake.

Jumamosi, 1 Machi

Niliamka mapema nikampeleka zizini. Nikamwambia awaonyeshe kwa kidole mmoja mmoja: moja, mbili, tatu. Alisita. "Babu hataki," alisema. Nikamwambia babu amelala. Akahesabu mpaka kumi na nne, sauti inapanda kadiri anavyoendelea. Nikamuuliza, Kijivu na ndama wakipotea? Kumi na wawili. Madoa naye akipotea? Kumi na mmoja. Bila kufikiri! Nilimkumbatia palepale kwenye samadi.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu na fimbo yake.

"Mama Selina," alisema, na hakupandisha sauti. "Ng'ombe wa nyumba hii wanatajwa. Hawahesabiwi. Baba yangu hakuwahesabu, na mimi sijawahi."

"Baba, ni somo tu. Namfundisha kutoa."

"Umewatoa wangapi?"

"Watatu, baba. Lakini ni kwa mdomo tu."

"Kwa mdomo ndiyo inavyoanza," akasema, akaenda zake.

Nilikasirika siku nzima. Nimesoma mpaka kidato cha nne halafu nizuiwe kufundisha kutoa kwa sababu ya imani za kizamani.

Jumapili, 9 Machi

Madoa amekufa.

Alikuta majani mabichi yenye maji kule bondeni, akala, tumbo likavimba kama ngoma. Tulipigiwa simu tuko kanisani. Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki wakati miguu imeshakakamaa. Alisema ni gesi, wakati wa masika hutokea kila mahali, na wiki hii amekwisha kuona wanne. Nilimwomba aseme kwa sauti ili Selina asikie. Akasema kwa sauti. Selina alikuwa amesimama kando, vidole vyote amevikunja ndani ya ngumi.

Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja. Ningependa angenitukana.

Jumatano, 12 Machi

Selina hahesabu. Si ng'ombe tu. Nilimpa mbegu tano, akaziacha kwenye mkeka. Nikamwambia achote vikombe viwili vya unga, akaniuliza, "Mpaka wapi?" na kuonyesha kwenye ungo. Pendo alipoanza kuhesabu ngazi za ghala, Selina alimziba mdomo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia kwamba niliyehesabu ni mimi, yeye alinifuata tu, kwa hiyo kosa ni langu. Akauliza, "Sasa nani atakufa kwa ajili yako?" Nilikwenda kusonga ugali.

Alhamisi, 20 Machi

Mto umejaa. Hakuna anayevuka, hata bodaboda.

Jumanne, 25 Machi

Uwele unatoa punje na ndege wamefika. Watoto wako shambani tangu kunakucha wakiamia, wamekaa juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti, wanapiga madebe na kurusha mawe. Nimepeleka shule hukohuko. Kitabu tunakitundika kwenye mti wa dungu kwa kamba, mtu asome sentensi moja, ndege wakishuka apige kelele, arudi kwenye sentensi.

Hesabu sizigusi. Lakini kusoma kumeanza kuja, sijui kwa nini huku na si nyumbani. Labda kwa sababu hapati nafasi ya kuniogopa. Leo amesoma ukurasa mzima wa sungura na kisima, amekatizwa na ndege mara sita, na kila mara amerudi mahali alipoachia.

Jumamosi, 29 Machi

Imla maneno kumi, amepata manane. "Barua" ameipatia.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Mzee. Nilikaa chini na kumwamkia, nikamwambia sina mahali pengine pa kwenda. Mtoto anasoma, anaandika, ila hesabu zimefungika, na mwenye ufunguo ni yeye.

Nilitegemea aniambie nilitafuta mwenyewe. Alichukua fimbo yake, akaenda shambani na mguu wake mbovu, akapanda dungu. Sijawahi kumwona akipanda dungu. Akakaa kati ya watoto, akatoa mbegu za alizeti mfukoni.

"Hizi ni nini?" akamuuliza Selina.

"Alizeti, babu."

"Zina pumzi?"

"Hazina."

"Basi hesabu hizi. Hesabu mawe, hesabu vikombe, hesabu siku. Mimi sikukataza hesabu. Nilikataza ng'ombe."

"Na Madoa?"

Mzee alimsogezea mbegu karibu. "Madoa alikula majani mabaya. Bwana mifugo alisema." Najua haamini hivyo. Alilisema neno lisilo lake kwa ajili ya mjukuu wake, na mimi miaka tisa nimekuwa nikimwita kichwa kigumu moyoni mwangu.

Selina alihesabu alizeti kumi na saba. Kisha wakazila.

Jumatatu, 14 Aprili

Ishirini toa nane. Kumi na mbili. Alitumia vidole vya Pendo baada ya vyake kwisha.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua zimepungua. Tunavuna huku tunasoma. Nilimpigia Paskali nikampa Selina simu amsomee ukurasa. Alisoma vizuri, ila salio liliisha kabla ya sungura kufika kisimani.

Marietha naye amepiga kutoka Manyoni. Anauliza mtoto anakuja lini. Nimemwambia hatujajua.

Jumapili, 4 Mei

Mto uko kwenye vifundo. Nimemfulia gauni, nimemsuka. Nina matumaini na yananitia hofu, sijazoea.

Jumanne, 6 Mei

Nitaandika yote kama yalivyokuwa. Nisipoandika leo, kesho nitakuwa nimeshajitetea.

Tulifika saa tatu. Mwalimu Chrispin alitukaribisha ofisini, akaniwekea kiti, akamwambia Selina asimame mbele ya meza. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi ya kukata. Kulikuwa na walimu wengine wawili wanasahihisha madaftari, msichana mmoja na kijana mmoja, wa vyuo, wanaongea Kiswahili cha mjini.

Alimpa kitabu. Selina akasoma. Alisoma polepole lakini hakukwama, na yule mwalimu msichana aliinua kichwa akatabasamu. Imla maneno matano, amepata yote. Kuhesabu kwa vijiti, sawasawa. Kumi na tano toa sita, tisa. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Kisha Mwalimu akafungua kitabu cha hesabu, akasoma: "Baba ana ng'ombe kumi na wawili. Ng'ombe wanne wakafa. Je, amebaki na ng'ombe wangapi?"

Selina alifunga mdomo. Mwalimu akarudia. Selina akakunja vidole ndani ya ngumi, akaniangalia mimi.

Nilijua kinachomzuia. Ni mimi peke yangu niliyejua katika chumba kile. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: kwetu ng'ombe hawahesabiwi, muulize maembe. Sentensi fupi. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini niliwaangalia wale walimu wawili, nikaona watakavyotazamana, nikajiona nimesimama tena mbele ya darasa kule Singida.

"Kuna tatizo, mama?" Mwalimu Chrispin aliniuliza. Aliniuliza kwa upole kabisa.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Ni mzito wa kuelewa tu. Hata nyumbani yuko hivyo."

Selina akaacha kuniangalia. Alitazama chini, na hakuinua kichwa tena. Mwalimu alijaribu swali lingine, la vijiti, ambalo dakika tano nyuma alikuwa amelipata. Hakujibu. Akamwuliza jina la kijiji. Hakujibu.

Ameandikiwa la kwanza.

Njiani alitembea mbele yangu. Tulipovuka mto nikamshika mkono, akauacha ushikwe. Ng'ambo ya pili akauliza, "Mama, watu wazito wanaishi vipi?" Nilimwambia nilikosea, nilisema bila kufikiri, yeye si mzito. Akasema, "Ndiyo mama," kama anavyojibu watu wazima asiowajua.

Jumatano, 7 Mei

Mzee ameniuliza ilikuwaje. Nilimweleza, hata lile neno. Nilitegemea afurahi kwamba mjukuu wake alilinda ng'ombe. Hakufurahi.

"Kwa nini hukumwambia mwalimu?"

"Niliona aibu, baba."

"Aibu ya nini?" Aliuliza kama mtu asiyejua kweli. "Ya kwangu?"

Sikuweza kumtazama. Nilisema, "Ndiyo, baba."

Aliingia ndani. Nikasikia anatafuta koti lake.

Alhamisi, 8 Mei

Tumekwenda watatu. Mzee alivuka mto kwa fimbo, viatu mkononi. Ofisini alisimama katikati mbele ya walimu wote, akasema kwa Kiswahili chake ambacho r na l zinakwenda zinakotaka: "Mwalimu, mimi ndiyo babu. Kwetu ng'ombe hatuhesabu. Mtoto anaheshimu mimi. Muurize kitu kingine."

Hakuna aliyecheka. Yule mwalimu msichana alisimama akampa kiti. Mwalimu Chrispin alisema, "Mzee wangu, hilo hata ungelituma kwa simu ningeelewa. Hata nyumbani kwa bibi yangu ilikuwa hivyo." Akaniangalia kidogo tu, akageuka.

Akamuuliza Selina maembe. Baba ana maembe kumi na mawili, manne yakaoza.

Selina akasema, "Sijui."

Akamuuliza kumi toa tatu. Sijui. Akamfungulia kitabu, ukurasa ule alioumaliza Jumanne bila kukwama. Akautazama.

"Soma tu neno la kwanza," Mwalimu alisema.

"Siwezi. Mimi ni mzito wa kuelewa."

Mzee alipiga magoti mbele yake, na mguu ule. Alimsemesha kwa Kinyaturu muda mrefu. Selina alimsikiliza kwa adabu yote, akamfuta vumbi kwenye koti, kisha akasema kwa Kiswahili ili wote tusikie: "Nataka kwenda kwa shangazi kushika mtoto."

Mwalimu alifunga kitabu.

Jumatatu, 12 Mei

Mzee amesema hataki tena aende Manyoni, la kwanza si kitu, atarudi nyuma na dunia haitaisha. Amesema hivyo mara mbili. Marietha amepiga nikamwambia asubiri. Lakini mtoto ameshafunga nguo zake, na kila asubuhi anauliza ni leo. Dungu limeshabomolewa. Nilimkalisha uani na kitabu, akakaa nacho mapajani mpaka nikamruhusu aondoke.

Paskali amesema kwenye simu labda mabadiliko ya mazingira yatamsaidia. Huyo naye amejifunza kuongea huko mjini.

Jumatano, 14 Mei

Pendo amesoma "nyumba ya bibi" peke yake. Nilimwambia asome kwa sauti ndogo.

Jumamosi, 17 Mei

Sikuweza kumkatalia tena. Nimempeleka Ikungi kwa bodaboda, Marietha alikuwa anasubiri kituoni na mtoto mgongoni. Mtoto ni mnene, mzuri. Selina alimpokea na kumfunga mgongoni kwa mara moja, bila kufundishwa, akaanza kumrusharusha. Marietha alisema, "Huyu ameshaiva." Nikasema asante, wifi.

Basi lilichelewa. Niliandika kwenye kikaratasi jina langu, jina la kitongoji na namba ya Paskali, akipotea amwonyeshe mtu. Nikampa akiweke kwenye soksi. Alikifungua. Akasoma yote polepole, jina, kitongoji, namba yote tarakimu kumi, midomo ikitembea, hakukosea hata moja. Alipomaliza aliniangalia kwa hofu.

"Umesoma vizuri sana," nikamwambia.

Hakuniamini.